Kibarua ni mtu au karatasi?

Kocha wa timu kubwa akifukuzwa hapa bongo, kesho yake gazeti lazima liandike kibarua chake kimeota nyasi, na wote tunaelewa, hakuna anayeuliza kibarua gani na hizo nyasi zimeotea wapi. Kocha mwenyewe analipwa kwa dola, ana gari na nyumba ya klabu, lakini siku ya kufukuzwa anakuwa na kibarua sawasawa na yule anayebeba zege Kariakoo. Hilo neno limenikaa kichwani muda mrefu, na juzi nimejibanza kijiwe cha bodaboda nasubiri mvua ikatike ndo nikaona kwamba kuna mambo wazungu wameyaandikia vitabu vinene vinene na sisi tunayo mdomoni kila siku, hatujawahi kuyafungua tu.

Tulifungue basi. Kibarua ni barua ndogo. Zamani huku pwani, Unguja, Mombasa, Pangani, mtu akichukuliwa kazi ya kutwa alikuwa anapewa kikaratasi, kile ndo ushahidi kwamba leo kafanya kazi, wakati wa malipo anakirudisha anapewa chake. Na wengi waliokuwa wanafanya hizo kazi karne ya 19 ni watumwa ambao mabwana zao wamewakodisha au wamewaachia watoke wakatafute, wakipata wanagawana na bwana. Kwa hiyo kibarua kwanza kilikuwa karatasi, halafu kikawa yule mtu aliyeshika karatasi, halafu kikawa ile kazi yenyewe. Utumwa ukapigwa marufuku Unguja 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922, neno likabaki palepale linaendelea na shughuli zake mpaka leo linawafukuza makocha.

Afu angalia kitu ambacho mwalimu wa Kiswahili alitufundisha tukadhani ni adhabu, upatanisho wa ngeli. Ukisema kibarua kimepotea, unatafuta karatasi, au unamwonea huruma mtu aliyekosa ajira. Ukisema kibarua amepotea, hapo watu washike tochi waingie porini. Yani neno limevaa ki- ya vitu, kama kiti na kikombe, lakini lugha inagoma kumpatanisha mtu na kikombe, umbo ni la kitu ila kitenzi kinang'ang'ania kwamba huyu ni mtu bana. Na ukitaka kumdhalilisha mtu unajua cha kufanya, unamsukumia hukohuko kwenye ki-, hiki kitoto kimekuja kufanya nini, kile kizee kinasemaje. Hatuhitaji kwenda chuo kujua mtu anaweza kugeuzwa kitu, sisi tunamaliza kwa herufi mbili.

Hili la mtu kugeuzwa kitu lina mwenyewe kwenye falsafa. Georg Lukács, mtoto wa mwenye benki wa Budapest, ambaye mwaka 1919 alikuwa ndani ya serikali ya kikomunisti ya Hungary iliyodumu siku 133 tu, ikaanguka, akakimbilia Vienna, na huko uhamishoni ndo akaandika insha ndefu iliyotoka kwenye kitabu chake cha 1923. Neno lake la Kijerumani ni Verdinglichung, na ndani yake limekaa Ding, yaani kitu. Ukiitoa hoja kwenye lugha yake ngumu, anasema kwamba chini ya ubepari uhusiano wa mtu na mtu unavaa sura ya kitu, unakuwa na sheria zake kama mawe na maji, hauna masikio, na watu wanauangalia kama wanavyoangalia mawingu. Bei imepanda. Mtandao umekataa. Ofisi haina bajeti. Kwenye hizo sentensi tatu mtafute mtu, humwoni.

Karl Marx, yule mjerumani mkosoaji wa ubepari, naye alishapita hapo kabla, Paris 1844, kijana wa miaka 26, akaandika kwenye madaftari yake jinsi mfanyakazi anavyofanywa mgeni. Nasema mgeni makusudi kwa sababu kwenye neno la Kijerumani, Entfremdung, mzizi wake ni huohuo wa ugeni. Mgeni kwa kitu alichokitengeneza mwenyewe, mgeni kwa kazi wakati bado anaifanya, mgeni kwa ubinadamu wake, mgeni kwa wenzake. Watafsiri wetu wengine wanaandika utengano, mimi naona utengano ni kama ndoa imevunjika, mnaweza kuachana na kila mtu akabaki mzima, wakati hapa shida ni kwamba upo nyumbani kwako na unapiga hodi. Na hayo madaftari hayakuchapishwa mpaka 1932, kwa hiyo Lukács alipoandika insha yake hajawahi kuyaona, alifika karibu palepale kwa kusoma Marx wa baadaye tu, ndo akaja kuyasoma Moscow 1930, na uzeeni akakiri kwamba alichanganya vitu viwili, kutengeneza kitu kwa mikono yako na kufanywa mgeni na hicho kitu. Nikumbusheni hilo baadaye, kwa sababu babu yangu alilijua bila kwenda Moscow.

Babu mzaa mama alitoka Kasulu kuja Tanga kukata mkonge, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Waliokuja kwa mkataba namna ile waliitwa manamba, na hilo neno halihitaji mfasiri, kila mtu na namba yake. (Nairobi manamba ni yule anayewapigia abiria kelele kwenye matatu, hilo ni la kwao.) Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya watu, Silabu, iliyoanzishwa 1944, ikawa inachota vijana Kigoma, Songea, Mbeya, mpaka Burundi na Rwanda, treni, malori, unashushwa kambini Korogwe au Muheza hujui hata magharibi ni upande gani. Babu mpaka anakufa mwaka wake wa kuzaliwa alikuwa anakisia tu, mara mwaka wa nzige, mara kabla kidogo ya nzige, lakini namba yake ya kambini alikuwa anaitaja bila kupepesa.

Kambini unapewa kipande. Kipande ni kadi yenye vyumba 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo mnyapara anaweka alama kwenye chumba kimoja, usipomaliza hakuna alama hata kama umeinama toka alfajiri na utomvu umekuwasha mpaka shingoni. Hela kamili inatoka vyumba vyote 30 vikijaa. Kwa hiyo mwezi wa kambini haukuwa mwezi wa mwandamo wala wa kalenda ya ukutani, ulikuwa mwezi wa kadi, na kila mtu alikuwa na mwezi wake, huyu wake una siku 32, yule malaria ilimlaza wake ukaenda siku 40 na kitu. Lukács anasema mahali kwamba kwenye kazi ya namna hii muda unaacha kutiririka, unaganda, unageuka nafasi yenye mipaka iliyojazwa vitu vya kuhesabika, na anamnukuu Marx wa 1847 kwamba muda ndo kila kitu na binadamu si kitu tena, sana sana ni mzoga wa muda. Niliposoma hiyo sentensi mara ya kwanza sikuiona ngumu hata kidogo. Vyumba 30 kwenye kadi, basi, muda umegeuka nafasi, unaukunja unautia mfukoni.

Kenya kipande kilikuwa kitu kingine, na kibaya zaidi. Sheria ni ya 1915, ikaanza kubana baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanaume mwafrika mtu mzima lazima awe na cheti chenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara anaolipwa, kimetiwa kwenye kikopo cha bati kinaning'inia shingoni, watu wakawa wanasema tumevalishwa kengele za mbuzi. Hicho kipande ni moja ya mambo yaliyompandisha jukwaani Harry Thuku, mtetezi wa haki za waafrika, na alipokamatwa Machi 1922 watu wakaenda kumdai kituo cha polisi Nairobi wakapigwa risasi. Leo Mkenya akikwambia nimesahau kipande nyumbani anamaanisha kitambulisho tu, hana habari na mbuzi.

Sasa turudi Muheza. Tulipokuwa watoto manamba lilikuwa tusi, maana yake mshamba, mchafu, mtu wa kuja, na kwa sababu watoto hawana akili siku moja nikamwita mdogo wangu wewe manamba nini, babu amekaa pale barazani anasikia. Nikasubiri bakora. Hakunichapa, aliniita kwa jina langu lote, akasema, "Mjukuu wangu, mimi sikuwa manamba. Mimi nilikuwa mkataji." Akanyanyuka na umri wake ule, akachukua panga, tukaenda kwenye mkonge uliopandwa mpakani mwa shamba akaanza kunionyesha. Unakata majani ya chini, ya juu unayaacha yamesimama kama mikono ya mtu anayeomba dua, ukipitiliza mmea unalegea, mwakani hupati kitu cha maana. Unaondoa mwiba wa nchani kabla haujakutoboa jicho. Unapanga, unafunga, fungu moja majani 30. Jani la kwanza alilikata kwa pigo moja na lilitoka safi kwenye shina, mimi la kwangu nililichana likabaki na ndevu, akacheka sana. "Mnyapara mafungu yangu alikuwa hayahesabu," akasema, "alikuwa anahesabu ya wengine."

Hapo ndo lile kosa la Lukács. Kutengeneza kitu na kugeuzwa mgeni si jambo moja. Majani ya babu yalikuwa yanaondoka na troli kwenda korona, mashine inayaponda inatoa singa, singa zinaanikwa, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota, zinapakiwa bandarini Tanga kwenda kuwa kamba za meli ambazo babu hakuwahi kuziona wala hakuambiwa ziliuzwa shilingi ngapi. Hapo alikuwa mgeni wa kutosha, Marx yuko sahihi asilimia mia. Lakini lile pigo moja la panga lilikuwa lake, kalitunza miaka 40 baada ya kuacha kazi, na alikuwa tayari kugombana na mtu yeyote anayetaka kumnyang'anya jina la mkataji na kumpa la namba. Wanafalsafa wengi wakiandika kuhusu mfanyakazi wanamwandika kama gunia lililomwagwa likaisha. Mimi sikubali, nimemwona mtu ambaye gunia lake halikuisha.

Kuna la mnyapara. Mnyapara wa babu alikuwa naye ni wa Kasulu, wakaitana shemeji, jioni wanakula sahani moja, mtoto wa kwanza wa babu alipozaliwa mnyapara ndo aliyeleta kuku. Siku moja babu ana homa, kakata kakata kafika kama robo tatu ya kipimo, akakaa chini, hawezi. Mnyapara akaja akachuchumaa naye, akampa maji, akamwambia pole shemeji, pole sana, akakaa naye mpaka akili ikamrudi kidogo. Afu akaondoka, na chumba cha siku ile hakukijaza. Karani alikuwa anahesabu mafungu kwenye troli, hesabu ya mnyapara na ya karani zisipokutana anakatwa mnyapara, na karani naye juu yake kuna bwana shamba, na bwana shamba anaandikiwa barua kutoka Tanga mjini, na Tanga mjini wanaandikiwa kutoka London bei ya mkonge. Nilimuuliza babu hukumchukia? Akashangaa swali. "Angefanyaje?"

Hilo angefanyaje ndo jambo lenyewe ninalolizungukia toka mwanzo, na ndo linanifanya nigombane kidogo na Axel Honneth, mwanafalsafa mjerumani wa siku hizi, aliyeirudia mada ya Lukács mwaka 2005 kwenye mihadhara pale Berkeley. Honneth anasema kumgeuza mtu kitu ni aina ya usahaulifu, kabla ya kumjua mtu kama namba au kama nguvu kazi tulishamtambua kwanza kama mtu, halafu njiani tukasahau. Ni hoja nzuri, na kwa mtu wa huku inaingia kirahisi, maana kwetu salamu inatangulia kila kitu, ukiingia dukani ukauliza bei kabla ya habari za asubuhi muuza duka anakuangalia kama umetoka sayari nyingine. Ukimsoma Honneth haraka unaweza kudhani dawa ni shikamoo.

Lakini mnyapara hakusahau kitu. Jina alilijua, mke alimjua, homa aliiona kwa macho yake na maji alimpa kwa mkono wake. Kumtambua kote kulikuwepo, tena kwingi, ila hakukuwa na uwezo wa kuweka alama moja kwenye kadi. Ndo maana mimi siamini kwamba mtu kugeuzwa kitu maana yake ni kudharauliwa, au kutukanwa, au kukosa salamu. Unaweza kugeuzwa kitu na mtu anayekupenda. Kinachotokea ni kwamba yule anayekujua kapokonywa mamlaka, na mwenye mamlaka kapewa karatasi tu, hajui hata una homa, na kati yao kumejaa watu wa katikati ambao kila mmoja ukimuuliza anasema angefanyaje. Hakuna mwovu hapo ukimtafuta mmoja mmoja. Ndo ubaya wake.

Na kabla mtu hajaniambia basi tuchome makaratasi turudi kwenye undugu, naomba aangalie jikoni kwake. Dada wa kazi Dar es Salaam hana namba, hana kadi, hana kikaratasi chochote. Anaitwa dada, anaitwa mwanangu, mama mwenye nyumba anakwambia huyu ni kama binti yangu kabisa, hatumbagui. Binti gani anaamka saa kumi alfajiri analala saa sita usiku, mshahara wake anatunziwa na mama, Jumapili hana, na akivunja sahani anakatwa? Hapo karatasi ingemsaidia. Kile kibarua cha zamani, kikaratasi chenyewe, kilikuwa na upande huo pia, ukikishika mkononi unamdai mtu, hawezi kusema wewe si ulikuwa ndugu tu umekuja kutusaidia. Undugu unaweza kuficha kazi vizuri zaidi kuliko namba inavyoficha mtu, na mimi nimeona nyumba za wasomi, wanaojua Marx kwa kichwa, dada hajalipwa miezi mitatu.

Vibarua wa bandari ya Mombasa walilijua hili la pande mbili vizuri kuliko sisi. Mkoloni alikuwa analalamika kwamba hawa watu hawaeleweki, leo wanakuja kupakua meli kesho hawaji, wana mashamba, wana harusi, wana maulidi, wanafanya siku kadhaa wakipata ya kodi na ya chumba wanapumzika. Yani ule ukibarua ambao ungedhani ni mnyororo ulikuwa ndo mlango wao wa kutokea. Januari 1947 wakagoma, na sio bandari tu, reli, mahoteli, wapishi wa majumbani, mji ukasimama siku kumi na kitu, kikazaliwa chama cha wafanyakazi, African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa sauti yake mpaka walipomkamata mwaka huohuo wakampeleka kizuizini bara. Na serikali ilijifunza nini? Kwamba mtu wa kutwa ni hatari. Miaka iliyofuata wakaanza kuwaandikisha, wakapunguza vibarua, wakataka mtu wa kudumu mwenye idadi ya siku anazotakiwa kuripoti, mshahara ukapanda kweli, lakini ule uhuru wa kusema leo siji ukaondoka. Wengine walifurahi na wengine hawakufurahi, na sidhani kuna fomula ya falsafa itakayokwambia nani alikuwa sahihi.

Nawaambia haya kwa sababu kijiweni siku ile ya mvua kulikuwa na dogo mmoja, dereva wa boda, anaendesha kwa aplikesheni moja ambayo sitaitaja, kakaa pembeni hapigi stori, simu ameilaza kifudifudi pajani. Nikamuuliza vipi mdogo wangu mbona umenuna, akanigeuzia simu. Akaunti imefungwa. Nyota zilikuwa 4.7 zikashuka, zikashuka, asubuhi ile kaamka kakuta meseji tunasikitika kukutaarifu. Hajui ni abiria gani, hajui ni safari ipi, labda ile ya Mbezi alipokataa kupita njia ya mkato yenye maji, labda yule aliyetaka apakiwe na mwenzake mishikaki akakataa. Kapiga kastama kea kapokea dada mwenye sauti nzuri, anamwita kaka, pole sana kaka, naelewa unavyojisikia, ila sistimu ndo imefunga, mimi huku sioni sehemu ya kufungua.

Mnaona? Maji kapewa, pole kapewa. Sehemu ya kuweka alama haipo.

Ila kuna tofauti na mkonge ambayo mimi inanitisha zaidi. Babu vyumba vyake alikuwa anaviona, usiku anavihesabu kwa koroboi, mnyapara akimwibia siku anamwambia hapa ulinipita. Huyu dogo kadi yake iko mahali ambapo haonyeshwi, anaonyeshwa jumla tu. Na aliposimulia hakusema nyota zimeshuka. Alisema, "Mimi nimeshuka, kaka. Toka mwezi wa tatu nilikuwa nashuka tu." Mimi nimeshuka! Babu namba alibandikwa na akaitema, mimi ni mkataji, huyu nyota kazimeza zimekuwa mwili wake. Lukács aliligusa hili, alisema mtumishi wa ofisini na mwandishi wa habari wanauza kitu ambacho mkata jani hauzi, wanauza tabia zao, maoni yao, uso wao. Sasa dereva wa boda naye anauza uso, lazima acheke na abiria mlevi saa saba usiku, maana asipocheka zinaondoka nyota mbili.

Na hapa watu wanapenda kuniambia, ndo teknolojia hiyo, utafanyaje, dunia inakwenda. Inakwenda wapi na nani anaendesha? Aprili 2022 tuliona kwa macho yetu hapahapa Tanzania. LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa ardhini, wakatoa bei na masharti mapya ya teksi za mtandao, komisheni ya kampuni isizidi asilimia 15 wakati kabla yake ilikuwa inafika 33. Uber wakasimamisha huduma. Wakakaa nje mpaka mwanzoni mwa 2023 walipopandishiwa kiwango kufika 25 wakarudi. Mimi sina hamu ya kuamua hapa kama LATRA walikosea au Uber waliringa, watu wa pande zote walikuwa na hesabu zao na madereva wengine waliumia ile miezi ya katikati. Ninachosema ni kwamba ile miezi ilipasua pazia. Tulikuwa tunaambiwa asilimia 33 ni sistimu, ni hesabu za kompyuta, ni soko. Kumbe ni watu. Watu wamekaa mezani upande huu wameandika 15, watu wamekaa mezani upande ule wamesema hatutaki, wakaongea, ikawa 25. Kilichokuwa mawingu kikawa mkutano wenye chai na karanga, tatizo ni kwamba dogo wa boda hakuwa na kiti pale.

Lukács aliamini kwamba mfanyakazi, kwa sababu yeye mwenyewe ndo kageuzwa bidhaa, ipo siku ataiona bidhaa inajitazama na hapo kila kitu kitaanguka. Nimesubiri hiyo siku kwenye vijiwe vingi, sijaiona. Watu hawaamki wote kwa mpigo. Dogo alichokuwa anataka siku ile si mapinduzi, alitaka laini nyingine asajili akaunti mpya kwa kitambulisho cha kaka yake, na wenzake wakamwambia nani anafanya hiyo kazi na bei gani, yaani mgeni kwenye namba yake mwenyewe anakwenda kuazima ugeni wa mwingine.

Lakini wakati nasubiri mvua niliona na kingine. Pale kijiweni kila mtu ana reflekta yenye namba mgongoni, wamejigawia wenyewe, dogo ni 14. Foleni ya abiria wanaofika kwa miguu inakwenda kwa namba, na katibu ana daftari la kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi. Nikauliza sasa aplikesheni imemfungia ataishije, katibu akasema atakuwa anachukua za hapa, afu akaongeza kwamba 14 mwaka jana alilazwa wiki mbili na zamu yake ilikuwa inashikiwa, abiria wa 14 anabebwa na anayefuata na nusu inapelekwa kwa mke wake. Nikauliza hiyo sheria imeandikwa wapi. Akafungua daftari. Mwanzo ilikuwa imeandikwa mgonjwa anarukwa, ikakatwa kwa mstari wa biro, juu yake imeandikwa kwa mwandiko mwingine mgonjwa anashikiwa siku 14, pembeni sahihi kama tisa hivi, na chini yake kuna mtu ameandika napinga, na yeye kasaini.

Mvua ikakatika, nikamwambia 14 nipeleke Ubungo.